Gari Jekundu la Mama

Mji wa Kale, Mombasa
Ijumaa, baada ya swala

Kwako mdogo wangu mpenzi, Mustansir,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, mkeo na watoto, na kwamba baridi ya huko Leicester haijakugandisha masikio. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama mzima, mimi mzima, na joto letu liko pale pale ulipoliacha. Najua utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, na haya nataka uyasome mpaka mwisho. Kisanduku atakachokupa binamu yetu Jaffar pamoja na barua hii usikifungue kwanza. Nakujua.

Tulipomzika baba uliniagiza mambo mawili: nimwandae mama ahamie kwako akishatoka eda, na ile Datsun ya baba iuzwe. Ulisema mama hawezi kubaki peke yake, kwa kuwa maisha yake yote baba ndiye aliyekuwa akimpeleka sokoni, hospitali na kwa jamaa. Sikukubishia, maana hata mimi niliona hivyo. Na mnunuzi ukampata ukiwa huko huko.

Basi nikueleze mama alivyokaa eda. Siku za mwanzo alijifungia chumba cha juu, chakula hakimpiti kooni, na nikija kutoka kwangu Tudor jioni namkuta pale pale nilipomwacha. Siku moja nikamkuta ameburuta kutoka mvunguni yale masanduku ya vigari vya plastiki vya kuunganisha, yale uliyokuwa ukimtumia baba kila Idi. Unakumbuka baba alivyokuwa, anafungua jipya kabla hajamaliza la kwanza, mpaka vipande vyote vikachanganyika. Chini kabisa kulikuwa na gari alilokuwa akilibuni mwenyewe: bodi ya gari la kale la Kimarekani, paa limekatwa likashushwa, na mbele pako wazi panangoja injini. Mama akasema kazi ya mtu haiachwi nusu.

Mustansir, sikujua mama yetu ana mikono ile. Injini aliitoa kwenye kisanduku cha lori, akaipunguza kwa wembe na msasa mpaka ikakaa. Magurudumu ya nyuma, manene, ni ya trekta. Ya mbele, membamba, ni ya gari la mashindano. Mabomba ya moshi ni mirija ya kalamu za wino, kaipasha moto kwa mshumaa ikapinda, yote sawasawa. Gundi aliipaka kwa kijiti cha meno huku akizuia pumzi. Wewe uliyewahi kujigandisha vidole mpaka baba akakuosha kwa mafuta ya taa, ungekaa kimya umtazame. Hapakuwa na karatasi ya maelekezo, kwa kuwa gari lile halina ndugu dukani. Nilimwonea fahari hata nikawa nachelewa kurudi kwangu.

Jambo moja tu lilinishangaza. Usukani ulikuwa kushoto, kama yalivyo magari ya Wamarekani, na baba alikuwa ameshaubandika. Mama akaung'oa. Akakata dashibodi ya gari la Kiingereza, akaitia humo, usukani ukakaa kulia. Nikamwambia kuwa magari haya kwao huwa hivyo hivyo, kushoto. Akanijibu kwamba hapa si kwao. Kisha akaniuliza kila pedali ina kazi gani, na ipi hutangulia kukanyagwa. Mimi niliyewahi kujifunza udereva nikakimbia siku ya mtihani, nikamweleza ninayoyakumbuka, nikidhani anataka kuzipanga sawa.

Kwenye rangi ndipo palipozuka balaa. Dukani hawezi kwenda, basi Mapenzi, binti mwenye saluni hapo chini yetu, akamletea chupa za rangi ya kucha, nyekundu. Shangazi Rukhsana alikuja kumjulia hali, akaziona mezani. Unamjua dada yake baba. Hakuuliza, alishuka ngazi, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mjane wa Zoher anajipamba ndani ya eda. Kesho yake akarudi na wenzake kumnasihi. Mama akawasikiliza mpaka wakamaliza, akanyoosha mikono yake: kucha tupu, zimeganda gundi. Kisha akafunua kitambaa juu ya meza. Shangazi alilitazama lile gari kwa muda mrefu, akalia, akasema laiti ndugu yake angeliona. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa akileta wembe.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike. Eda ilipokwisha nilimpa ujumbe wako, nikamweleza habari za tiketi na za mnunuzi. Alinisikiliza, akaomba nafasi ya kufikiri, asinene zaidi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wiki iliyopita aliniita nimsubiri karibu na Ngome ya Yesu, hapo gari la baba linapoegeshwa. Nikajua anataka kuliaga. Akaja na mwanamke aitwaye Loise, nami nikamsalimu nikidhani katumwa na mnunuzi. Kumbe ni mwalimu wa udereva. Tangu eda iishe mama alikuwa akienda kwake kila asubuhi, huko huko Tudor, jirani na nyumba yangu, na mimi sina habari. Akatoa leseni mkobani akanionyesha. Akanifungulia mlango wa abiria, akazunguka, akakaa upande wa kulia. Alilitoa kinyumenyume bila kugusa kitu. Nililia, na sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mama hahamii. Atakuja kuwatembelea akipenda, na atarudi. Mnunuzi mwombe radhi. Nilikuahidi kumshawishi, niliyeshawishika ni mimi. Sasa fungua kisanduku, taratibu, mabomba ni mepesi kuvunjika. Aliponipa nikifunge alisema nikufikishie maneno yake kama yalivyo: dogo ni lako, kubwa ni langu.

Nisalimie mkeo, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama naye anakusalimu sana. Angeongeza neno hapa chini kwa mkono wake, lakini ametoka. Amempeleka shangazi Rukhsana hospitali kupimwa macho. Nasikia shangazi husoma dua njia nzima.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Zahida