Filamu Nne za Baba Yako

S.L.P. 212,
Othaya.
14 Julai 2025

Mpendwa mjukuu wangu Wachuka,

Hujambo huko Kanada? Unakula chakula cha kushiba, au bado ni mikate tu? Sisi tu wazima. Ukungu umekaa juu ya mashamba ya chai siku tisa na magoti yangu yanalalamika, lakini asubuhi naamka, Mungu asifiwe.

Barua yako ilifika pamoja na filamu za baba yako. Ulisema chuoni mnafundishwa kwamba mwongozaji hasomwi kwa filamu moja. Unaanza na ya kwanza, unazifuata zote kwa miaka yake, unatazama ni jambo gani asiloweza kuliacha. Nimefanya hivyo. Shangazi yako Phyllis aliniwekea kompyuta mezani, nami nikachukua daftari. Jirani yetu Mwai alipita akanicheka: "Ati mzee wa miaka sabini na nane anasomea sinema! Mtihani ni lini?" Nilimwambia nimeshaanguka.

Ujue kwamba mpaka mwezi huu nilikuwa nimeona moja tu, ile ya kwanza. Baba yako Munene aliileta hapa kwenye ukumbi wa kanisa, akaniketisha mbele kama mgeni wa heshima. Humo watu wanakimbia vita vya kikabila kwa lori. Mke amerudi nyumbani kumfungua ng'ombe. Mume yuko juu ya lori na mwanawe, anagonga paa la chumba cha dereva: twende. Niliinuka nikatoka. Baba yako alinifuata nje.

"Baba, keti tuongee."

"Umeniuza kwa watu," nilimjibu.

Sikusema naye tena miaka kumi na miwili. Mwaka jana tukamzika.

Filamu ya pili inamhusu fundi viatu wa Karatina, lakini katikati lile lori linatokea. Baba anainua mkono agonge, na mkono unabaki hewani. Katika ya tatu anapaza sauti dereva angoje, na dereva anangoja kidogo. Ya mwisho aliitengeneza akiwa tayari mgonjwa. Humo baba anaruka chini. Lori linakwenda bila yeye. Anarudi, anamsaidia mkewe kumfungua ng'ombe, na wanatembea pamoja barabarani. Mwigizaji ni yule yule katika zote nne, amezeeka tu.

Nilisimamisha picha hapo. Phyllis alinikuta na kalamu mkononi na ukurasa mtupu.

Unauliza katika hizo nne ni ipi iliyotokea kweli, kwa sababu huwezi kumaliza kuandika juu ya kazi zake bila kujua. Phyllis ananiambia, "Baba, andika tu dereva aliondoka mwenyewe. Nani atauliza?" Ndivyo nilivyowaambia watu tangu 1992.

Ni ya kwanza, Wachuka. Ilikuwa Molo, saa tisa alasiri. Nyanya yako alikuwa karibu kufika barabarani, anakimbia, kitambaa cha kichwa kimelegea. Nilimwona. Niligonga mara mbili. Munene alikuwa na miaka kumi na mmoja na alikuwa ameshika koti langu. Hatukumwona nyanya yako tena.

Katika hizo nyingine tatu, baba yako alikuwa akinisamehe mbele ya watu wote, na mimi sikwenda kutazama.

Iandike hivyo. Jina langu usilifiche.

Ulipozaliwa ulipewa jina la nyanya yako, na kwetu anayepewa jina ni kama mwenyewe amerudi. Ndiyo maana nilikuwa nikikuita mke wangu, nawe unacheka, unaniambia guka ni babu, si mume. Miaka yote ile nilikuwa nikikuona uwanjani ukicheza, nikashindwa kuomba radhi mbele ya jina hilo. Leo naomba. Usiharakishe kunijibu.

Nisalimie mama yako na ndugu yako Ken. Phyllis na wanawe wanakusalimu, na Mwai pia, ambaye hajui ninachoandika. Mungu akulinde ugenini, akupe macho ya baba yako na subira yake.

Ukiona vigumu kuniita guka tena, nitaelewa.

Akupendaye,
Kihara