Aliyeshika Hesabu ya Mwaka

Jumanne. Baridi kavu hapa Troyeville, mtaa wa ugenini huku kusini, jua jeupe lisilopasha kitu. Moyo wangu mzito.

Ni kwa sababu ya neno. Jana nilikuwa nikilalamika kwamba kompyuta imenishinda. Jirani yangu, mwalimu mstaafu kutoka Ayalandi, akaniandikia pembeni mwa gazeti jinsi kwao wanavyoiita: ríomhaire. Shina lake ni kuhesabu. Mwisho wake humtaja mtendaji. Zamani, akasema, ríomhaire alikuwa mtu, mjuzi wa kukokotoa siku, wa kujua Pasaka itaangukia lini. Watu hao walitoweka. Mashine ilipokuja, ikapewa jina lao.

Baba yangu alikuwa mtu wa namna hiyo.

Kijijini kwetu Unguja yeye ndiye aliyeshika hesabu ya mwaka, tangu siku ya Nairuzi, mwaka mpya wetu wa jadi, siku kumi baada ya kumi, kila kumi tukiiita mwongo. Wakulima walimpitia kabla ya kupanda. "Mzee, mwongo wa ngapi leo?" Alijibu bila kuacha kusokota kamba yake.

Asubuhi hii nimejaribu kuhesabu. Sikuweza hata kuanza. Sijui Nairuzi ilikuwa lini.

Nikampigia simu Dada Mize, mkubwa wangu, aliyebaki nyumbani.

"Leo ndiyo umekumbuka?" akacheka. "Huko kwa wakweo miaka yote ulikuwa ukihesabu nini, we bwana?"

Kisha akakohoa, muda mrefu. Aliyerithi hesabu kwa baba amezikwa, akaniambia. Vijana hutazama mvua kwenye simu. Anayeijua amebaki yeye tu, naye haulizwi.

"Basi nifundishe, dada."

"Kwa simu? Njoo ukae chini, usikimbie kama ulivyomkimbia baba."

Nilimfuata mke wangu huku alipoacha ukimbizi wake kwetu akarudi kwao. Nimemzika huku. Kila mwaka nimejiambia kwamba siwezi kuliacha kaburi lake. Lakini kaburi halikohoi.

Jioni binti yetu atarudi kutoka kazini Sandton. Nitamwomba anikatie tiketi, na yake pia. Mimi ni mzee. Nikijifunza peke yangu, nitaichelewesha hesabu hii kidogo tu kabla haijazikwa tena. Kiswahili anakielewa, ingawa hunijibu kwa Kizulu.

Je, atakubali kukaa chini?