Gari la Baba Limetoka Uani

Nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa dada yangu, kifungua mimba wetu,

Shikamoo, tena ya kuinama, usije ukadhani ukubwa wako umepungua njiani. U mzima? Shemeji je, kile kifua kimemwachia? Na wanao, wajomba zangu, bado wanajibu kwa Kiswahili, au siku hizi hata chafya wanapiga za kigeni? Sisi huku wazima. Mimi usiseme: nazidi kupendeza, hadi kioo cha bafuni kinaomba likizo.

Dada, gari la baba limetoka uani. Usikunje uso, soma kwanza mpaka chini.

Tangu tumzike mzee, ile pikapu ya dizeli ilikaa palepale mbele ya dirisha la jikoni, na mama akaacha kulifungua hilo dirisha. Mwezi uliopita akanitangazia kwamba mkata vyuma anakuja Jumamosi na gesi yake, alikate vipande achukue. Nikamwambia mwuza mikate wa mtaani anatafuta gari, atalichukua hivyo hivyo lilivyo. Akanigeukia: "Lilivyo vipi? Breki halina, mlimani linazimika. Unataka nimuue mtoto wa watu?" Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa. "Haya, fundi wa dunia," akasema, "tuone."

Unanijua. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini injini nimezifungua kwenye bandari na mipaka ambayo mwalimu wetu wa jiografia aliiona kwenye karatasi tu. Nikavua shati, nikaingia chini.

Unakumbuka amri ya baba, tanki lisishuke chini ya nusu? Tulikua tukidhani ni hekima. Wewe najua hadi leo birika lako halishuki nusu, na mimi nanunua sabuni ya pili kabla ya kwanza kuisha. Basi tanki nimelishusha. Lile bomba la ndani la kunyonyea dizeli limetobolewa na kutu katikati kabisa! Mafuta yakiwa juu ya tundu, gari linanguruma. Yakishuka, bomba linanyonya upepo na injini inakata roho. Mzee alijua, dada. Hakulitengeneza, akatulea nalo. Nilicheka peke yangu mle chini mpaka nikajigonga kichwa, halafu kicheko kikanigeukia, nikajifuta macho kwa kiwiko.

Bomba nikabadilisha, nikapiga pampu ya mkono pale kwenye chujio mpaka mapovu yakaisha. Likawaka.

Breki ndizo zilizotaka kuniaibisha. Silinda ya gurudumu la nyuma ilikuwa inavuja. Nikaweka mpya, lakini pedali ikabaki laini kama mto, maana upepo ulishaingia kwenye mabomba. Na kutoa upepo ni kazi ya watu wawili, mmoja akanyage pedali, mwingine afungue skrubu kule gurudumuni. Pedali ilikuwa kazi yako, na viatu vyako vya shule, umenyoosha shingo kama bata na huoni kitu. Ukiachia mguu kabla baba hajafunga, upepo unarudi, naye anafoka hadi kuku wa jirani wanafikiria kuhama.

Ijumaa alasiri nikawa nahangaika, nimeegemeza ubao kwenye pedali. Mara nikasikia dirisha la jikoni linafunguka.

"Wewe! Ubao una masikio?"

Mama akatoka, akafungua mlango wa dereva, akasimama pale mkono juu ya kiti. Kisha akapanda.

"Haya, sema."

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Haya, achia."

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Ndiyo naachia. Mimi si dada yako."

Tukayazunguka magurudumu yote namna hiyo, mpaka pedali ikawa ngumu kama jiwe. Mama hakushuka. Alikaa tu, mguu kwenye breki, akasema, "Kiti hiki bado kimebonyea upande wake." Mimi, mtu wa maneno yote haya, nikashika kitambaa nikaanza kufuta spana iliyokwisha takata.

Kesho yake mwuza mikate alilipandisha mlimani tanki likiwa chini ya nusu, akalisimamisha katikati ya mteremko. Likatii. Mkata vyuma alipokuja akarudishwa na gesi yake, gari likaenda na mwenyewe mpya. Mama hakutoka kuliaga, nikaogopa.

Sasa sikia. Kila asubuhi gari linapita hapa na mikate, na mama anasikiliza. Jana akatoka, mtandio begani, yeye ambaye hajawahi kushika usukani, akamsimamisha yule jamaa barabarani: "Mwanangu, hapo kwenye kona unachelewa kubadilisha gia. Linalia, hulisikii? Kesho nitakaa mbele nikuonyeshe."

Leo asubuhi kapanda kweli. Hadi naandika hapa mchana huu, hawajarudi.

Msalimie sana shemeji, na wajomba zangu mmoja mmoja. Shangazi aliye huko nanyi mwambie picha yangu aliyoiomba itakuja, inatafutwa fremu inayonitosha. Mungu awafunike huko kwenye baridi, na siku ya kurudi awalete wote, asipungue hata mmoja.

Ni mimi, nikupendaye kuliko ninavyojipenda, na hilo si jambo dogo,

Kitinda mimba wenu.