Sarafu ya Shingoni mwa Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mjomba ametoka hapa sasa hivi. Jumamosi gari linakuja kumchukua Mama! Anahamishiwa kwake Mjomba, na nyumba hii ishapata mpangaji. Hakuuliza — alitangaza, huku anapuliza chai. Ati Mama aliteleza bafuni. Mtu akiteleza ananunuliwa kandambili nzuri, hahamishwi!

Nikabisha. Nikaambiwa nisiingilie maneno ya wakubwa. Kisha ule wimbo wake: babu aliacha neno, mkubwa akisema mdogo ananyamaza, na mkubwa ni yeye.

Mama akasema, "Mkubwa ni mimi."

Mjomba akacheka. Kila akisema hivyo huwa tunacheka. Leo sikucheka.

Jumanne, 5 Machi

Nimemkalisha Mama na kumuuliza taratibu. Kumbe babu alikuwa na mtindo wake. Mtoto akizaliwa, anatafuta sarafu mpya ya mwaka uleule, anaitoboa, anamfunga shingoni. Ya Mjomba, bibi aliifungia kabatini isije ikapotea — mtoto wa kiume huyo! Inang'aa hadi leo: 1946. Ya Mama haijawahi kutoka shingoni. Akiwaza anaisugua kwa kidole gumba. Akisubiri maji yachemke, anaisugua. Maisha mazima! Kichwa cha mfalme kimeisha kama kipande cha sabuni.

Nimeipeleka dirishani. Moja, tisa, nne zinasomeka kwa taabu. Ya mwisho ni 3 au 8. Upande wa kulia una mviringo, wa kushoto Mungu ndiye ajuaye. Ikiwa 3, Mama ni mkubwa na hatoki hapa. Ikiwa 8, tufunge mizigo.

Kitambulisho kinasema 1948. Na nani alimjazia fomu? Mjomba! Ndiye aliyepelekwa shule, ndiye aliyeshika kalamu, basi akajipa na ukubwa. Nimeshona mkono wa gauni la mteja kinyumenyume kwa hasira.

Jumatano, 6 Machi

Kwa sonara. Mama alikataa kuivua, ikabidi aje mwenyewe, akainamisha shingo juu ya kaunta mpaka nikamwonea huruma. Mwishowe akaivua. Sonara akaweka lenzi jichoni, akaigeuza, akaguna. Akasema nusu ya moyo inamwambia 3, nusu 8, na hapendi kudanganya watu wazima. Ila akanionyesha uchafu mweusi uliokaa kuzunguka tarakimu. Huo ndio unaoshika umbo. "Msiioshe, dada. Nileteeni na ile ya kaka tulinganishe."

Nimempigia mkaza mjomba. Amekubali kuileta kesho bila kumwambia mumewe. Moyo wa dhahabu, yule mama.

Alhamisi, 7 Machi

Moyo wa dhahabu! Nilitoka mlangoni dakika chache tu kumpa mteja gauni lake. Narudi — mkaza mjomba yuko kwenye sinki, majivu, ndimu, na kile kichuma cha kusugulia sufuria! Ameivua sarafu shingoni mwa Mama, yeye mwenyewe. "Nimewasaidia, ilikuwa chafu mno."

Uchafu wote umekwenda na maji. Pale kwenye tarakimu ya mwisho panawaka kama kioo. Nimesema maneno ambayo siyaandiki. Akalia. Alidhani tunataka isomeke, na kitu chafu hakisomeki — ndivyo alivyofikiri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba hata wa kumchukia sina. Mama akamfuta machozi yeye, si mimi! Maji yakimwagika hayazoleki.

Ya Mjomba ameiacha hapa, ndani ya pamba.

Ijumaa, 8 Machi

Sonara ameshika kichwa. "Sasa hata nusu ya moyo sina."

Nikarudi nyumbani, nikakata vitambaa kwa ghadhabu. Mchana Mama akataka sarafu yake, nimpitishie uzi mpya. Mikono yangu ilikuwa imejaa chaki ya kuchoria. Ikaingia kwenye vishimo vyote. Nikaifuta kwa kidole — juu ikatoka, chini ikabaki! Nikafunga pazia, nikawasha tochi ya simu, nikailaza mezani mwanga upite kando. Moja. Tisa. Nne. Na ya mwisho, nyeusi juu ya weupe, ina ncha! Ncha juu kushoto, ncha chini kushoto, zote zimejikunja. 8 haina ncha popote!

Nikapiga yowe. Mama hata hakuinama kutazama.

"Mimi nilimbeba mgongoni," akasema. "Mtu hambebi mgongoni aliyemzidi. Nilikuwa nikiwaambia, mnacheka."

Mnacheka. Hakusema anacheka. Imenichoma hiyo.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika jikoni. Mama amenifukuza sebuleni, ila mlango sikuufunga, na sitaufunga.

Gari liko nje, linanguruma. Mjomba aliingia akiuliza mizigo iko wapi. Nikamwekea sarafu mbili mezani, yake na ya Mama, na tochi. Akatazama. Akaniambia niizime. Akaniambia niiwashe. Akavaa miwani, akavua, akaifuta kwa shati, akavaa tena. Nilikuwa tayari kwa kelele, nimejaza kifua — hakuzipiga. Ndipo Mama aliponiambia nipishe.

Sasa nasikia Mjomba anasema kwamba siku zile makarani wa vitambulisho walikuwa na haraka. Makarani! Nimeng'ata kalamu nisije nikaingia.

Dereva anapiga honi.

Mjomba: watu wa gari wameshalipwa, chumba kimeshapakwa rangi, hata hivyo yeye ndiye aliyeamua —

Mama anakokota kiti. Nasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu.

"Kaa chini, mdogo wangu."

Sijawahi kulisikia neno hilo ndani ya nyumba hii. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

Honi tena. Nimechungulia. Kiti kipo mbele yake, Mama amekishika kwa nyuma kama mtu anayemkalisha mtoto. Mjomba anakitazama. Kofia iko mkononi. Bado amesimama.