Honi Mbili Kwenye Minyaa

Morogoro, 3 Septemba 2023

Mpendwa mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mguu umepungua kuuma. Mimi sijambo, ila cherehani inanipasua mgongo. Naandika kwa sababu kwenye simu husikii, tunaishia kupigiana kelele hadi mafundi wenzangu wanacheka. Bahasha nimempa kondakta wa basi, ataiacha dukani kwa Ridhaa pale Gongoni kama kawaida.

Mama, picha ya pikipiki ya kaka Leodgar nimeiweka mtandaoni, kama tulivyokubaliana siku ya arobaini yake. Mvua zikianza, lile kaburi la udongo litatitia, na mimi sitaki kaka yangu alale kwenye dimbwi. Pikipiki ikiuzwa tunanunua saruji na matofali, tunamjengea, padri anakuja kubariki. Kwa sasa sina ninachokitaka zaidi ya hicho.

Lakini matapeli wamejaa, hasa ukimuuzia mtu wa mbali usiyemjua. Mnunuzi asiipande peke yake, hata akisema anaijaribu tu. Mauziano yafanyike mchana, mbele ya mwenyekiti, na aache nakala ya kitambulisho chake. Ikija meseji kwamba pesa imeingia, usiiamini. Mpe Ridhaa simu aangalie salio. Na kadi ya pikipiki ifiche. Mwenye kadi mkononi anaweza kuiuza popote.

Mwanao,
Consolatha

Ntalikwa, 12 Septemba 2023

Konso mwanangu,

Marahaba. Mguu unauma, na nilikuwa nimeshausahau mpaka ulipoutaja. Mahindi yameisha ghalani, karanga zipo, nitakuwekea. Huko mnakula vizuri?

Umeniandikia masharti mengi kuliko ya kipaimara! Nimeyashika yote. Kadi usiihofie. Iko palepale alipokuwa akiiweka mwenyewe, mfuko wa ndani wa jaketi lake la kijani, na jaketi linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba changu. Nani atafika huko? Jaketi sijalifua, na usiniambie nilifue. Bado lina harufu ya petroli na ya jasho lake.

Jioni masikio yangu haya mabovu bado yanasubiri zile honi zake mbili pale kwenye minyaa, na yale maneno yake: "Mama, leo tunakula nini, isiwe mlenda!" Na siku zote ulikuwa mlenda.

Kuna kitu kinaniuma sijakuambia. Baba yako alipofariki, watani wetu Wagogo walijaa uani. Mmoja akavaa kofia ya baba yako, akatembea akichechemea na kugombeza kuku, basi tukacheka huku tunalia. Ule msiba ulibebeka. Kwa Leodgar hakuja mtani hata mmoja. Tumemzika kimya kimya, na mimi naona kama hajaagwa.

Mama yako

Morogoro, 20 Septemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na mguu. Karanga nazisubiri.

Mnunuzi amepatikana. Anaitwa Marko, anasema ni mkulima wa Manyoni. Atakuja kwa treni, na Jumamosi mchana mtakutana kwa mwenyekiti na Ridhaa. Nimeongea naye, ana maneno matamu. Nilipomwambia sisi ni Wanyamwezi akacheka: "Kumbe wapagazi! Babu zenu walipita kwetu na pembe za ndovu vichwani, wakala ugali wetu wa uwele, wakaondoka bila kuaga. Sasa nakuja kudai." Ni Mgogo, mama, mtani wako huyo. Mchekeshane mtakavyo, ila utani uishie mdomoni. Nakusihi.

Mwanao,
Consolatha

Ntalikwa, 2 Oktoba 2023

Konso,

Hujambo? Mimi nipo.

Pikipiki imeondoka na yule mtu. Pesa hakuna. Jaketi na kadi navyo vimeondoka. Nimekwenda polisi na mwenyekiti, wameandika maelezo, simu yake haipatikani. Ningemtambuaje kuwa ni mwizi, hakuandikwa usoni.

Usiniulize zaidi kwa sasa.

Mama yako

Morogoro, 9 Oktoba 2023

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Nilikuandikia sharti moja baada ya lingine, kwa herufi kubwa uone bila miwani. Sasa hata kadi? Hata jaketi? Mtu alifikaje nyuma ya mlango wa chumba chako, mama? Ridhaa ananiambia yeye na mwenyekiti walikaa ofisini wakisubiri, kumbe mambo yalishaisha asubuhi nyumbani kwako. Ulimkaribisha ndani kwa kuwa alikuita mpagazi?

Kaka aliendesha ile pikipiki juani na mvuani, hadi Kaliua kufuata abiria, na wewe umeigawa kwa kicheko. Kaburi lake sasa litajengwa na nini? Nimelia hadi nikashindwa kukata kitambaa. Nina hasira na wewe, siwezi kuificha.

Consolatha

Morogoro, 19 Novemba 2023

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Sijapata hata mstari kutoka kwako. Ridhaa anasema upo, unakwenda misa, lakini ukipita dukani unasalimia tu na kuondoka. Nisamehe, mama. Ile barua niliituma kabla hasira haijapoa. Ningeweza kuirudisha ningemkimbilia kondakta barabarani.

Wiki iliyopita nilishuka Manyoni. Nilizunguka sokoni, stesheni, hadi kwenye vijiwe vya bodaboda, nikiwaonyesha watu picha yake aliyonitumia. Hakuna anayemjua. Mzee mmoja alinisikiliza, akasema ule ugali wa uwele kila mtu anautania, si lazima uwe Mgogo. Pengine hata mtani si mtani, mama. Naumia kukuambia hivyo.

Nasikia huko mvua imeanza. Kaburi likoje? Niandikie, hata kwa kunigombeza.

Mwanao,
Consolatha

Ntalikwa, 1 Desemba 2023

Konso mwanangu,

Marahaba, mama. Sijakukasirikia. Nilikuwa naona haya, na haya ya mtu mzima ni mbaya, inamkalisha ndani. Nimekuwekea karanga, Ridhaa anazo.

Kaburi limetitia upande wa kichwani. Napeleka udongo kwa karai kila mvua ikikata. Mama Magreth jirani ananisaidia. Usilie, linashikashika.

Sasa nikuambie. Alikuja asubuhi ile, kabla ya miadi. Kabla ya kuketi akanipa pole, akaanza kunitania, na mimi nikamjibu, wee, nilimjibu! Tangu msiba sikuwa nimefungua kinywa hivyo. Akaniuliza, marehemu alikuwaje? Nikamwambia zile honi mbili, nikamwambia ule mlenda. Akasimama, akasema: "Mama, mtani hakuja msibani, leo amekuja. Nipe nguo yake."

Nilimpa jaketi kwa mikono yangu. Kadi sikuikumbuka, Konso. Nakuapia sikuikumbuka kabisa. Akaisukuma pikipiki hadi nje ya minyaa, akaiwasha, akapiga honi mara mbili, akaingia kifua mbele, "Mama, leo tunakula nini, isiwe mlenda!" Mwanangu, aliingia. Leodgar aliingia uani. Nilicheka, nikaketi chini, nikalia kilio nilichokuwa nimekibana tangu Juni.

Akazima injini, akavua jaketi, akanirudishia. Ndiyo, alinirudishia. Hili sikumwambia mwenyekiti wala polisi. Mimi ndiye niliyesema, "Rudia." Nilimvisha tena mwenyewe, nikamfunga zipu. Nikamwambia aanzie mbali, kule kigangoni, ili nianze kumsikia anakuja.

Nikaweka kigoda mlangoni. Nikasonga ugali, nikaupasha mlenda, nikaketi. Mchana Ridhaa alipokuja kuniuliza mbona hatutokei, alinikuta hapo na sahani mbili.

Unasema pengine hata si Mgogo. Labda. Labda alikuja kuiba, labda tamaa ilimpata njiani baada ya kuugusa mfuko wenye kadi. Sijui, na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba mwanangu ameagwa, na aliyemuaga ameondoka na saruji yake. Yote mawili yananiuma, na siwezi kuchagua lipi zaidi.

Usihangaike tena Manyoni. Ila ukiwa safarini, stendi au popote, ukiona mtu ana jaketi la kijani lenye kiraka begani, kile ulichokishona wewe, usimwitie watu. Mwambie pikipiki nimemsamehe. Jaketi anirudishie.

Na kama hajalifua, asilifue.

Mama yako