Mkono Ulio Begani Mwako

Kwa dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza hali. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado unaipaka, au umeificha chini ya kitanda kama ulivyoificha ya kwanza? Na fundi amerudisha mkanda wa cherehani yako, au bado anakwambia kesho? Sisi huku tu wazima. Mimi mikono imenikauka kwa sabuni, na shemeji yako ana vumbi mpaka kwenye kope, lakini anakula vizuri na anakoroma vizuri, kwa hiyo usimwonee huruma. Anakusalimu sana.

Aliyekuletea barua hii mpe kiti na maji ya kunywa, kisha mwache akae. Usimwulize kitu mpaka umalize kusoma. Najua kumwacha mgeni bila kumhoji kwako ni adhabu, lakini leo nivumilie. Ningeweza kupiga simu, ila kwenye simu kila nikimtaja mumeo unasema mtandao unasumbua, halafu unakata. Nimeona nikuandikie.

Kazi yetu unaijua kwa kuisikia tu, kwa hiyo acha nikueleze. Hoteli yenyewe ni ya mahema, iko nje kidogo ya lango la hifadhi. Inafunguliwa kiangazi, barabara zikikauka na wanyama wakisogea mtoni, na mvua zikianza inafungwa, nasi tunarudi makwetu. Shemeji yako anaendesha gari la kuwatembeza wageni. Mimi asubuhi natandika vitanda, mchana nafua na kupiga pasi. Tumepewa chumba cha mabati kilichopakana na chumba cha pasi, ukuta mmoja, na joto la pasi tunalala nalo. Ngiri wanapiga magoti kwenye nyasi mbele ya mapokezi kama watu wanaoomba msamaha, na nyani wakikuta zipu ya hema haijafungwa wanakula mpaka dawa ya meno. Meneja ana sheria anayoirudia kila asubuhi: mtu wa vyumba haanzi kuzungumza na mgeni. Akisemeshwa ajibu, asiposemeshwa yeye ni fanicha. Basi nimekuwa fanicha msimu mzima, na nakwambia dada, fanicha zinasikia mengi.

Wiki iliyopita hema la mwisho, lile la karibu na mto, liliingia mtu na mchumba wake. Niliingia kutandika wakiwa matembezini. Kando ya kitanda kulikuwa na meza, juu yake fremu, mbele ya fremu maua kwenye glasi na mshumaa ulioungua nusu. Ndani ya fremu ulikuwa wewe.

Nilikaa kitandani kwa wageni, jambo tulilokatazwa. Ulikuwa umevaa lile gauni la kijani ulilojishonea kwa ajili ya harusi yangu, unacheka mdomo wazi kwa sababu bwana harusi alikuwa amenikanyagia shela. Begani mwako kuna mkono wa mtu ambaye picha imemkata. Mkono huo ni wangu. Kovu la pasi linaonekana wazi, lile ulilonitia mwenyewe tulipokuwa wadogo, ukalia kuliko mimi niliyeungua.

Nilitoka nje na mashuka machafu kifuani, nikakutana naye uso kwa uso kwenye njia ya mawe. Mumeo, dada. Amenenepa, amenyoa ndevu, amevaa kofia ya watalii. Aliniambia niongeze taulo, akapita. Hakunitazama hata usoni. Mtu aliyekula mezani kwetu miaka yote ile, niliyempigia pasi mashati yake wewe ukiwa umelazwa, kwangu aliona mtu wa taulo tu.

Jioni shemeji yako alinimalizia habari, maana ndiye aliyekuwa akiwaendesha, naye kwa miwani ya jua na kitambaa cha vumbi mdomoni hakutambuliwa. Huyo mchumba ni mwalimu wa chekechea, na gari walilokuja nalo ni lake. Mumeo amemwambia kwamba mkewe alifariki. Picha alikuwa nayo kwenye pochi, akawa anaitoa kila akitaka kuhurumiwa. Mwalimu ndiye aliyeipeleka ikakuzwa na kutiwa fremu, kwa sababu alisema hawezi kuingia mahali pa mwenzake bila kumpa heshima yake. Maua ni ya mwalimu. Mshumaa ni wa mwalimu. Kila siku anakuwashia.

Dada, damu ilinichemka mpaka nikasikia masikioni. Wewe unawaambia majirani kwamba yuko kazini mbali na atarudi. Koti lake liko nyuma ya mlango wako mpaka leo, na kila Jumamosi unalipiga vumbi. Yeye amekuzika.

Sitakuficha, nilitaka aumie. Nilifikiria upupu kwenye shuka upande wake. Nilifikiria kuacha zipu wazi nyani wamalize kila alichonacho. Shemeji yako alinikatalia yote, akasema nyani hawajui kubagua na mwalimu hana kosa, na sisi ni vibarua wa msimu, tutafukuzwa kabla jua halijazama. Akaniomba nimeze, waondoke. Tuligombana, na usiku ule tulilala tumepeana migongo.

Kesho yake aliwapeleka mtoni kuona tembo. Akaniambia walikuta tembo mmoja amesimama kwenye mifupa ya mwenzake, anaigusagusa kwa mkonga. Mumeo akatoa leso. Akalia mbele ya mwalimu, akasimulia jinsi ulivyougua, jinsi alivyokulisha kwa kijiko, jinsi ulivyokata roho mikononi mwake ukimwomba asikae mpweke. Shemeji yako alikuwa ameshika usukani. Wewe unajua nani alikulisha ulipougua kweli. Unajua nani alikubeba mgongoni mpaka hospitali, na nani alikuwa ameshafunga mizigo. Aliporudi shemeji yako hakula. Alisema neno moja tu, kwamba nifanye.

Mpango tuliupanga sote wawili. Asubuhi iliyofuata shemeji yako alitangaza kwamba kuna simba wamezaa upande wa mbali wa hifadhi, njia ina mashimo mno, mtu mwenye mgongo mbovu asije. Mwalimu ana mgongo mbovu, akabaki. Mumeo alikwenda. Simba hawakuwepo, waliwatafuta mpaka jua likawa upande wa pili, na shemeji yako alipita kila shimo analolijua, na mengine mara mbili.

Mimi niliingia na taulo. Mwalimu alikuwa anabadilisha maji ya maua yako. Sikuvunja sheria ya meneja. Sikusema chochote. Nilipangusa meza, kisha nikakunja mkono wa sare na kuuweka mkono wangu juu ya kioo cha fremu, kando ya ule ulio begani mwako, nikauacha pale.

Alitazama mkono, akatazama picha, akatazama mkono tena. Akaiweka glasi chini. Ndipo akaniuliza mimi ni nani. Nimesemeshwa, basi nikajibu. Nikamwambia ni mdogo wake. Aliniuliza, kwa upole ambao sitausahau, dada yangu alifariki lini. Nikamwambia bado hajapata nafasi, Jumapili tulizungumza naye alikuwa analalamikia goti. Alicheka, dada. Alicheka kwanza, halafu akakaa chini, na sikuweza kumnyamazisha.

Alipojifuta uso aliniomba mkasi. Alikuwa na picha yao wawili, akaikata katikati, nusu yenye sura yake mwenyewe akaitupa kwenye pipa. Wewe akakutoa kwenye fremu taratibu, akakufunga ndani ya kitambaa. Ile nusu ya mumeo niliitia kwenye fremu mimi. Nilichuma maua mapya. Gari la matembezi lilipoonekana kilimani niliwasha mshumaa, nikafunga zipu vizuri, nikaenda kupiga pasi.

Mumeo alikuja chumba cha pasi anahema, fremu mkononi, akapiga kelele kuuliza nani ameingia chumbani kwake. Nikavua kilemba, nikamgeukia, nikamjibu kwamba ni mimi, shemeji. Hapo ndipo aliponiona. Nikasubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, kwa kupiga magoti, kwa machozi mengine kama ya kwa tembo. Hakuuliza habari zako. Hakuuliza mwalimu yuko wapi, wala analia au amefanya nini. Aliuliza gari liko wapi.

Gari lilikuwa nyuma ya chumba cha pasi, tumelifunika mashuka. Na mwalimu alikuwa amekaa kwenye kitanda chetu, upande wa pili wa ule ukuta wa mabati, na alisikia swali lile kama nilivyolisikia mimi.

Mumeo ameondoka leo. Hakuna mgeni aliyekubali kumpa lifti, nadhani watu wa jikoni walikuwa wameshasema mawili matatu, basi amepanda trekta la takataka mpaka barabara kuu, amekaa juu ya magunia na kofia yake ya watalii. Nilisimama njiani nikampungia mkono wenye kovu. Meneja naye ametuita, akasema msimu ujao tusijisumbue kurudi. Shemeji yako amemshukuru kwa adabu na sasa anapiga mluzi.

Haya ndiyo niliyoyafanya. Sikukuuliza kwanza kwa sababu ungenikataza, na ningekutii. Kwa mumeo sijutii hata chembe. Ninachoogopa ni wewe, kwamba utanichukia kuliko utakavyomchukia yeye. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, ila umalize kabla mvua hazijaanza, maana hotelini wakifunga nakuja kukaa kwako nikuchue hilo goti.

Sasa inua macho, dada. Huyo aliyekaa kwenye kiti chako ndiye mwalimu. Amekataa niitume barua kwa njia nyingine. Amesema alikuwashia mishumaa ukiwa hai na hawezi kurudi kwao kabla hajakuona ukipumua. Ana picha yako ndani ya kitambaa. Barabara ni ndefu na mgongo wake ni mbovu. Mwambie alale hapo. Na kama usiku kutakuwa na baridi, nyuma ya mlango kuna koti lisilo na mwenyewe. Mpe ajifunike, na asubuhi aondoke nalo, ampe yeyote atakayemkuta njiani.

Wasalimie majirani wote, na yule fundi mwambie nakuja mwenyewe kufuata mkanda. Shemeji yako anakusalimu tena.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye mkono ulio begani mwako.