Kufuli la Jumwa

Mtongwe, Likoni
14 Septemba 1997

Kwako Waridi, kifungua mimba wangu,

Salamu za mapenzi zikufikie huko baridini Nairobi. Kifua chako vipi? Unafunga shingo utokapo asubuhi? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti langu moja na usingizi. Tangu vurugu za Agosti, mbwa akibweka mtaa mzima unaamka na kukaa kitako.

Jana niliwaambia tena wenzangu, "Waridi wangu ni karani wa hesabu katika hoteli kubwa." Wakasema wamesikia. Nikawaambia wasikie tena.

Sasa nikupe nawe la kujivunia. Unalijua sanduku la kikundi chetu cha kioski cha maji. Lina makufuli matatu ili mtu asilifungue peke yake: ufunguo mmoja wangu mimi mweka hazina, mmoja wa Jumwa mwenyekiti, mmoja wa Nafula, wabara nao wawe na mtu wao. Vurugu zilipozuka Jumwa alikimbilia kwao Kwale. Nafula na wanachama sita wenziwe wa bara wakawa wanalala na watoto uwanja wa kanisa, milango yao imetupiwa vikaratasi vya kuwaambia wahame. Niliwapelekea sufuria ya wali. Nafula akanishika mkono: "Mama Waridi, nauli hatuna. Tutafia hapa."

Akanipa ufunguo wake. Kufuli la Jumwa nikamwita fundi, akalikata kwa msumeno wa chuma. Zile fedha za mfadhili, za tangi la pili, nikawagawia wote saba, elfu mbili mbili, wakavuka feri na kupanda basi. Nani mwingine Likoni hii angethubutu?

Mamako,
Mwanarehema


Nairobi
28 Septemba 1997

Mama yangu, shikamoo.

Goti unalisugua ile dawa? Mimi kifua kimetulia, na shingo nafunga.

Nilisoma barua yako nikalia. Kisha nikaisoma tena kikarani, nikaogopa. Walitia sahihi, Mama? Nani alikuona ukigawa? Mfadhili atakuja Novemba kutazama tangi, na hataulizia roho yako ilivyo nzuri. Mwendee Jumwa leo, umweleze kabla hajasikia kwa watu. Andikeni majina ya wale saba, na fundi aseme alilikata kufuli lini. Kutoa kwako sina neno nako. Kunyamaza ndiko kutakakokuponza.

Mwanao,
Waridi


Mtongwe
10 Oktoba 1997

Waridi,

Salamu. Mimi mzima.

Ndiyo niliuza viazi karai nikusomeshe, uje uniulize sahihi? Wiki ile nani angekubali jina lake liandikwe karatasini? Watu walikuwa wakisakwa kwa majina yao. Au ningemwambia Nafula, na mtoto analia mgongoni, "Ngoja kwanza, tia kidole hapa"? Uso ningeuweka wapi?

Jumwa karudi. Kaja mpaka mlangoni na hakukaa. "Dada, kufuli langu li wapi?" Nikamjibu kufuli halina roho, wenye roho nimewasafirisha. Akasema, "Ungeniambia mwenyewe, nisiambiwe na fundi." Akaenda zake. Na Dhahabu wa kikundini, yule asiyejua kufunga mdomo, anauliza watu pale mferejini, "Mwayaonaje mabati mapya ya Mwanarehema?" Mabati uliyoninunulia wewe Juni.

Wallahi sikula hata senti. Kama huna la kuniandikia ila sahihi na risiti, pumzisha kalamu.

Mama


Nairobi
6 Desemba 1997

Mama, shikamoo tena, na goti lako pia nalisalimu.

Hii ni barua yangu ya tatu tangu uniambie nipumzishe kalamu, na hujanijibu hata moja. Mjomba Boga kanipigia simu kazini. Anasema mfadhili alikuja, akataka maelezo, hakupewa, na sasa kazuia misaada. Kioski kimefungwa, majirani wananunua maji ya mikokoteni kwa bei maradufu. Anasema mkutanoni huendi, hata harusini huendi, umejifungia ndani chini ya mabati yako.

Usingizi umenihama. Nimempa Mjomba bahasha akuletee, elfu kumi na nne kamili, akiba yangu ya kurudi chuoni. Zitie sandukuni kimya kimya, useme zimerudi. Mambo yaishe. Sitakuuliza kitu tena.

Mwanao,
Waridi


Mtongwe
5 Februari 1998

Waridi mwanangu,

Idi imepita bila wewe, nikakutilia sahani yako mkekani hivyo hivyo. Huko ulipikiwa na nani? Goti linaniuma kwa kutembea, nawe utajua nilitembea kwenda wapi.

Bahasha yako anayo Boga, uihesabu akifika. Sikufichi, nililala nayo chini ya mto siku nyingi. Kisha nikafikiri: nikizirudisha kimya kimya nimekiri wizi nisioufanya, na Nafula na wenziwe itakuwa hawakupata kitu kwetu. Nawe chuo ukikose kwa ajili ya uso wangu.

Nikaenda kwa Jumwa. Nikamwambia, "Kwale si mbali. Ningemtuma mtu akuletee habari. Sikumtuma kwa sababu nilitaka niwe mimi wa kuwaokoa." Akaniwekea chai.

Akawaandikia wale saba kupitia makanisa ya kwao. Watatu wamejibu kwa sahihi zao, Nafula mmojawapo. Wanne kimya. Pengine barua hazikufika, pengine bado wanaogopa kutajwa.

Jumamosi moja ya Januari tukakutana. Nikasimama nikasema yote. Dhahabu akadakia, "Na mabati?" Nikamwambia risiti yake ninayo, Waridi alinishurutisha niitunze. Wakacheka, naye akacheka. Lakini usidhani walinisamehe. Uweka hazina wamenivua, wakampa Dhahabu huyo huyo. Fedha za wale watatu zimekubaliwa. Elfu nane za wale wanne nimeandikiwa mimi deni, nifungue kioski kila alfajiri bila malipo mpaka liishe. Jumwa alisema ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Nikamwambia andika. Mfadhili kasoma maelezo yetu, tangi bado hajaahidi, ila misaada kaiachia na maji yanatoka.

Basi kila Jumamosi Jumwa anasoma kwa sauti deni langu limebaki kiasi gani, wanachama wanasikia, wapita njia wanasikia. Juzi nikawauliza kina mama wa vikundi vingine kama hazina zao nazo husomwa hivyo mbele ya watu. Wakasema zao hubaki daftarini. Likoni nzima, mwanangu, anayesomewa ni mamako peke yake.

Mamako akupendaye,
Mwanarehema